Barua ya wazi: Hao "wenzake" Bibi Titi wana majina

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu, Waziri mwenye dhamana ya utamaduni, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na viongozi wa Makumbusho ya Taifa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

YAH: KUANDIKWA KWA MAJINA NA KAZI ZA WANAWAKE WA TANU

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, najitambulisha kwenu kuwa ni mwalimu mstaafu niliyefundisha shule za msingi hapa Dar es Salaam, na ni mjukuu wa mwanamke aliyekata kadi ya TANU wakati mumewe, babu yangu, hakuthubutu kuikata. Mambo hayo mawili ndiyo yanayonipa ujasiri wa kuwaandikia hadharani jambo ambalo nimeshindwa kulifikisha kwa njia ya kawaida, nalo ni kwamba wanawake waliokijenga chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika wanatoweka katika kumbukumbu za nchi bila majina yao kuandikwa, ilhali wangali wapo watu wanaoyajua.

Nianze na darasani, maana ndiko nilikoliona kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Nikiwa nakaribia kustaafu, niliwapa wanafunzi wangu jaribio lenye swali la kawaida kabisa: wataje wanawake watatu walioshiriki kudai uhuru wa Tanganyika. Karibu darasa zima liliandika Bibi Titi Mohamed katika mstari wa kwanza. Katika mstari wa pili wapo waliomwandika Mama Maria Nyerere, wapo walioacha wazi, na wapo waliomrudia Bibi Titi kwa tahajia nyingine wakitumaini kwamba mwalimu amechoka na hataona. Binti mmoja akaandika hivi: "1. Bibi Titi Mohamed. 2. Wenzake. 3. Wenzake wengine." Nilicheka peke yangu pale mezani, nikamkosesha majibu mawili, nikaendelea kusahihisha. Usiku wake nilifungua daftari langu la maandalio ili nipange somo la kesho, nikakutana na sentensi niliyowaandikia ubaoni wiki mbili zilizotangulia: "Wanawake waliiunga mkono TANU wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed na wenzake." Mtoto wa watu hakuwa amekosea. Aliandika alichofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wa hao wenzake.

Tangu siku hiyo neno hilo limekuwa likinikereketa. Tunapowataja wanaume wa TANU hatusemi "Nyerere na wenzake" tukaishia hapo. Tunawataja kwa majina, kwa miji yao, na wengine hata kwa nyumba walizokaa. Kwa wanawake tumeridhika na jina moja, tena jina ambalo tulilinyamazia kwa miaka mingi kabla ya kulirudisha, na wengine wote tumewafungia katika neno moja la heshima lisilomtambulisha mtu yeyote.

Waheshimiwa, TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na idara ya wanawake. Mwaka uliofuata alifika nchini John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza, akakutana na viongozi wa chama, akaona wanaume watupu, akauliza wanawake wako wapi. Swali hilo liliwakuta wazee wetu hawana jibu la haraka, kwa kuwa wengi wao walikuwa wanahutubia juu ya uhuru mchana na jioni wanarudi nyumbani kwa wake ambao hawakuruhusiwa kutoka. Ndipo akaletwa Bibi Titi. Alikuwa mwanachama tayari, mwenye kadi namba 16, mwanamke wa miaka 29 aliyeishia darasa la nne, na jambo lililomfanya ajulikane mitaani halikuwa siasa hata kidogo: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Julai 1955 sehemu ya wanawake ikaundwa, yeye na Tatu binti Mzee wakiwa mstari wa mbele, na ilipofika Oktoba ya mwaka huohuo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kujiunga.

Naomba tusimame kidogo kwenye tarakimu hiyo. Ni miezi mitatu tu. Hawakuwa na simu, hawakuwa na magari, wengi hawakujua kusoma, na chama chenyewe hakikuwa na fedha za kuwalipa nauli. Mwanasiasa wa leo mwenye vipaza sauti na magari ya matangazo angejipongeza kwa kazi hiyo mwaka mzima. Sasa hao wanawake waliiwezaje?

Jibu liko katika jambo ambalo vitabu vyetu hulipita kwa sentensi moja, kama vile ni pambo la hadithi. Bibi Titi hakwenda nyumba kwa nyumba akianza na mtu mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaomba wawaite watu wao. Msomaji wa leo akisikia vikundi vya ngoma huona kicheko na starehe, akadhani chama kilitumia muziki kuvutia watu, kama mikutano ya kampeni inavyoalika wasanii. Haikuwa hivyo. Bibi yangu alikuwa katika kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, na aliyonisimulia kuhusu kikundi hicho ni habari za utawala kuliko habari za muziki. Ngoma ya sikukuu ilianza kuandaliwa miezi miwili kabla, kwa mchango wa sare. Kila mmoja alipaswa kumaliza fedha ya doti yake ya kanga kabla ya siku iliyopangwa, na mweka hazina wao, mama asiyejua hata herufi moja, alikuwa na kamba ya mkonge aliyoifunga mafundo, fundo moja kwa kila aliyemaliza kulipa. Bibi alikuwa akiniambia kuwa hakuna aliyewahi kubishana na kamba ile. Walikuwapo wajumbe wa mitaa waliopeleka habari kwa mdomo, na mjumbe aliyeongeza neno lake katika ujumbe aliotumwa alitozwa faini. Aliyefiwa alikuta wenzake wamefika na mchango kabla maiti haijaoshwa. Kulikuwa na vyeo, kulikuwa na nidhamu, kulikuwa na siri za ndani ambazo hata waume hawakuzijua, na kulikuwa na ushindani mkali na vikundi vingine, wa kurushiana mafumbo na vijembe, ambao uliwafundisha kusimama mbele ya watu na kusema bila kutetemeka.

Kwa hiyo chama kilipowafuata wanawake hawa kilikuta wamekwisha kujipanga. Mweka hazina yupo, mjumbe yupo, mnenaji yupo, na daftari la wanachama lipo, ingawa lilikuwa la kamba. Kilichobaki ni kubadili shabaha ya mchango. Ndiyo maana huwa sikubaliani na usemi kwamba TANU "iliwaamsha" wanawake wa Dar es Salaam. Walikuwa macho kitambo, na tena walikuwa na uzoefu wa kuendesha mambo ya hadhara ambao baadhi ya viongozi wanaume, waliotoka ofisini na shuleni, hawakuwa nao.

Lipo na jambo la pili, ambalo pia halisemwi vya kutosha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na chama. Marufuku hiyo iliwagusa makarani, walimu, matabibu na wengineo, yaani wale hasa ambao mtu angetarajia kuwaona mbele kwa sababu ya elimu yao. Babu yangu alikuwa karani. Angeonekana na kadi angepoteza kazi, na watoto watano wangelala njaa. Bibi hakuajiriwa na mtu. Alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri na kuviuza kabla jua halijawa kali, na hakuna mkuu wa wilaya aliyeweza kumfukuza kwenye karai lake. Yeye ndiye aliyekata kadi, na yeye ndiye aliyetoa mchango wa nyumba ile, fedha zikitoka kwenye vitumbua na nyingine, nadhani, zikitoka mfukoni mwa babu usiku bila maneno. Kadi yenyewe ilikaa ndani ya pipa la mchele, ikiwa imezungushiwa kipande cha kanga kuukuu, isije ikaonwa na wageni wa babu waliotoka naye kazini. Ninapofikiria nyumba ngapi za watumishi wa serikali zilikuwa na pipa kama lile, naelewa kwa nini sehemu ya wanawake ilikuwa nguzo ya chama katika miaka ile.

Najua pia kwa nini baadhi yetu tunaona haya kuyaandika haya. Miongoni mwa waliotangulia walikuwamo wacheza ngoma, wauza pombe, wanawake walioachika, wanawake waliotembea usiku kwenda mikutanoni na wakaitwa majina mabaya kwa ajili hiyo. Walilipia. Wapo walioambiwa wachague kati ya ndoa na chama, na wapo waliochagua chama. Historia rasmi hupenda mashujaa waliotulia, waliovaa vizuri, wanaofaa kuchorwa ukutani mwa ofisi. Bibi yangu hakuwahi hata siku moja kusema kuwa alipigania uhuru, alikuwa akisema tu, "Tulikuwa tunazunguka." Kuzunguka kwenyewe kulikuwa ni kutoka Kariakoo kwenda Magomeni kwa miguu, mtoto mgongoni, kwenda kumshawishi mwanamke mwingine aliyekuwa amefungiwa ndani atoke japo uani asikilize.

Wala haikuwa kazi ya Dar es Salaam peke yake, jambo ambalo sisi wa mjini tunapenda kulisahau. Hapa jijini, mbali na Tatu binti Mzee, walikuwapo Hawa binti Maftah, Halima Khamis na Mwamvita Mnyamani. Lindi alikuwapo Sharifa binti Mzee. Tabora walikuwapo Nyange binti Chande na Dharura binti Abdulrahman. Moshi alikuwapo Halima Selengia, na ndiko alikotoka Lucy Lameck, muuguzi aliyesoma baadaye Ruskin College kule Oxford, kisha akawa Mbunge na Naibu Waziri katika serikali ya nchi huru. Mwanza walikuwapo Agnes Sahani na Pili Juma, na hao wa Kanda ya Ziwa wanastahili ukurasa wao wenyewe, kwa sababu serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU Usukumani kwa miaka kadhaa hadi 1958. Kuwa mwanachama mahali ambako chama hakikuruhusiwa kuwa na tawi ni jambo jingine kabisa na kuwa mwanachama Mnazi Mmoja mbele ya umati unaoshangilia. Huko hapakuwa na jukwaa la kupandia wala mpiga picha, na kazi yote ilipita katika magulio, misibani na kwenye visima.

Niliyowataja ni wachache, na nimewataja wale ambao majina yao yamenusurika. Nyuma ya kila mmoja wapo mamia ambao hata mimi siwezi kuwataja.

Sitarefusha habari za mwaka 1958, kwa kuwa mkutano wa Tabora na suala la kura tatu, yaani uchaguzi ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, vimeandikwa sana. Naomba tu jambo moja liongezwe pale vinapofundishwa. Uchaguzi ule, uliofanyika kwa awamu mbili Septemba 1958 na Februari 1959, ulikuwa na masharti ya elimu, kipato au cheo kwa anayetaka kupiga kura. Mwanamke aliyejaza viwanja kwa ajili ya wagombea wa TANU, akapika, akachanga, akaimba mpaka sauti ikakauka, kwa kawaida hakuwa na elimu ya shuleni wala mshahara wa kuonyesha, hivyo siku ya kura alibaki nje akiwasindikiza wengine. Mwanafunzi akielezwa hilo ataelewa ukoloni ulivyokuwa ukifanya kazi kuliko akikaririshwa tarehe kumi.

Sasa nifike mahali pagumu. Kunyamaziwa kwa wanawake hawa si bahati mbaya tupu, na barua hii itakuwa ya unafiki nisiposema hivyo. Bibi Titi, baada ya kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962 na kushika nafasi serikalini, alishindwa ubunge mwaka 1965, akaachia nafasi zake chamani mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, akakamatwa Oktoba 1969 pamoja na wengine kwa tuhuma za uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwalimu Nyerere alimwachia huru mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000 akiwa matibabuni Johannesburg. Siandiki ili kufufua kesi ile wala kuamua nani alikuwa na haki. Wapo wanasheria na wanahistoria wa kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba jina lake lilipokuwa halitamkiki, majina yaliyokuwa yamefungamana na lake nayo yalizama. Bibi yangu alikuwa na picha ya kikundi, wanawake kumi na wawili wamesimama katika safu mbili, na kwa miaka mingi picha hiyo iligeuzwa uso ukutani. Nikiwa mtoto nilidhani ndivyo picha zinavyotundikwa. Iligeuzwa tena siku moja, sikumbuki mwaka gani, bila sherehe, na bibi akatuonyesha kwa kidole: huyu fulani, huyu fulani, huyu amekwisha kufa. Sikuandika. Nilikuwa kijana mwenye haraka zangu, na leo katika sura zile kumi na mbili nazijua tatu.

Leo tunayo Barabara ya Bibi Titi Mohamed katikati ya jiji, na ni jambo jema. Makondakta wa daladala hulitaja jina lake kila siku kuliko wanahistoria. Lakini barabara ni ya mtu mmoja, na wakati jina lake linarudi, yale yaliyozama pamoja naye hayakurudi naye.

Lipo tena jambo ambalo, nilipolijua, nilikaa kimya kwa muda. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria kutoka Marekani, Susan Geiger, alikuja akaketi na wanawake hawa, Bibi Titi akiwa mmoja wao, akawahoji kwa Kiswahili juu ya maisha yao na kazi yao katika chama. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Ni kazi kubwa na tunapaswa kumshukuru, kwa kuwa bila yeye mengi yangekwenda kaburini. Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Maneno yaliyotoka midomoni mwa wanawake hawa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha mafumbo na ucheshi cha wanawake wa pwani na cha wenzao wa Moshi na Mwanza, yalivuka bahari, yakageuzwa lugha. Mjukuu wa mmoja wao anayetaka kusoma aliyoyasema bibi yake kwa maneno yake mwenyewe hayapati kwa urahisi. Nchi iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya taifa, na ambayo sasa ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, imeridhika kuwasoma wanawake wake kwa tafsiri, au kutowasoma kabisa.

Waheshimiwa, nilijaribu njia ya kawaida kabla ya hii. Bibi alipofariki tulifungua sanduku lake, tukaikuta kadi imeunganishwa na vitu viwili: stakabadhi chache za michango, na kipande cha kamba ya mkonge chenye mafundo kumi na manne. Sikuamini macho yangu. Niliviweka katika bahasha nikavipeleka kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu kazi. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, akaniomba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Niliileta. Mara ya pili niliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya tatu mhusika alikuwapo, akaitazama kadi kwa upande mmoja na wa pili, akaniuliza marehemu alikuwa na cheo gani katika chama. Nikamjibu kuwa hakuwa na cheo, alikuwa mwanachama. Akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema kwa sasa wanapokea vitu vya viongozi. Kamba hakuigusa. Nilipojaribu kumweleza maana ya yale mafundo aliangalia saa.

Simlaumu sana. Alikuwa anafuata utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaoomba mwubadilishe. Mkisubiri vitu vya wenye vyeo mtapata vitu vya wanaume, kwa kuwa vyeo vya miaka ile vilikuwa vya wanaume, na makumbusho yetu yataendelea kuonyesha fimbo, kofia na kalamu, wakati karai la vitumbua lililolipia nauli ya mwenye fimbo linauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi, na kwa sehemu kubwa kinahitaji haraka tu. Binti aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1955 leo amekwisha kupita tisini. Walio hai ni wachache mno, lakini watoto wao waliobebwa mgongoni au kushikwa mkono kwenda mikutanoni wapo, wana miaka sabini na themanini, wanakumbuka nyimbo na wanajua nani alikaa nyumba ipi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka iwatume vijana wenye vinasa sauti, waanze na Ilala, Kariakoo, Magomeni na Temeke, kisha waende Tabora, Lindi, Tanga, Moshi na Mwanza, wakiwa na ruhusa ya kupokea kadi, picha na stakabadhi za mwanachama wa kawaida na kutoa risiti papo hapo, au kupiga picha na kumwachia mwenyewe vitu vyake kama hataki kuviachia. Walimu wastaafu tuko wengi na hatuna kazi; tupeni fomu tu, tutawaandikia.

Taasisi ya Elimu iwatake waandishi wa vitabu vya somo la historia waache neno "wenzake". Pasipo na nafasi ya habari ndefu paandikwe majina manne ya Dar es Salaam na jina moja walau kutoka kila jimbo la wakati ule, na mwalimu aruhusiwe kumtuma mtoto nyumbani na mtaani akatafute jina la tano. Nilifanya hivyo katika muhula wangu wa mwisho, baada ya kumrudishia yule binti alama zake mbili. Watoto walirudi na majina kumi na tisa. Mengine huenda si ya kweli, kwa kuwa wazee nao hupenda kuwasifu jamaa zao, lakini kazi ya kuyachambua ndiyo historia yenyewe, na watoto wale waliifanya kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona katika kukariri tarehe. Mmoja alimleta nyanya yake darasani. Akakaa kwenye kiti changu, akaimba.

Wizara yenye dhamana ya utamaduni nayo iangalie suala la kukisambaza kwa Kiswahili kile kilichosemwa kwa Kiswahili, kwa makubaliano na wenye haki za kitabu, na iulize kama kanda za mazungumzo yale zimehifadhiwa mahali fulani zinapoweza kunakiliwa na kuletwa nyumbani. Sauti ni bora kuliko tafsiri ya tafsiri.

Na asije mtu akaniambia kuwa kumbukumbu ya mwanamke haiwezi kuwekwa hadharani bila kuleta mgogoro. Songea, kila Februari, wanapowakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, hutajwa pia Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume wale. Anatajwa kwa jina lake, mbele ya viongozi na watoto wa shule, na hakuna lililoharibika. Kama tumeweza kwa mwanamke wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tunashindwaje kwa wale ambao watoto wao wanasimama nasi kwenye foleni ya bima ya afya?

Kadi ya bibi bado ninayo, pamoja na kamba na ile picha ya safu mbili. Nimezitoa kwenye sanduku, maana siku hizi hakuna wa kumficha, nimeziweka katika bahasha ya karatasi nyuma ya kabati, mbali na unyevu. Nitazileta siku na saa mtakayonipangia, ofisi yoyote mtakayoitaja. Naomba tu anipokee mtu atakayekubali kuhesabu mafundo pamoja nami, na anipe stakabadhi iliyoandikwa jina kamili la bibi yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam